Jogoo na Saa ya London

Msomaji, nataka ukae nami kitako tutazame kitabu cha picha ambacho aghalabu hupewa watoto, wala usinicheke kwa kukuletea wewe, kijana wa shule ya sekondari, kitabu cha namna hiyo. Huitwa The London Jungle Book, yaani Kitabu cha Mwitu wa London. Kilitolewa mwaka 2004 na Tara Books, wachapishaji wa mji wa Chennai, Bara Hindi. Picha zake ni za Bhajju Shyam, mtu wa kabila la Wagondi, mzaliwa wa kijiji cha Patangarh katika jimbo la Madhya Pradesh. Habari zake alizisimulia mwenyewe kwa Kihindi, na Gita Wolf na Sirish Rao wakaziandika kwa Kiingereza.

Chanzo cha kitabu ni safari ya kazi. Mwaka 2002 Bhajju Shyam aliitwa London kupamba kuta za mkahawa wa vyakula vya Kihindi mtaani Islington, akakaa huko kiasi cha miezi miwili. Kabla ya kushika kalamu ya uchoraji alikuwa amefanya kazi ya mlinzi wa usiku na ya fundi wa umeme katika mji wa Bhopal, mpaka ami yake, Jangarh Singh Shyam, mchoraji mashuhuri kuliko wote wa kabila lao, akamchukua kuwa mwanafunzi wake. Aliporudi kwao kutoka Uingereza alifanya kama wafanyavyo wasafiri wote: alieleza aliyoyaona. Tofauti ni kuwa yeye alieleza kwa picha.

Ni lazima nikueleze kidogo sanaa yenyewe, maana bila ya kuijua utadhani unatazama mapambo matupu. Jamaa ya Bhajju ni Wapardhan, ambao kwa desturi walikuwa waimbaji wa Wagondi, watunzaji wa nasaba na visa vya miungu. Michoro nayo ilikuwa kazi ya nyumbani, ikifanywa kwa udongo wa rangi juu ya kuta na sakafu, hasa wakati wa sikukuu na arusi. Tangu miaka ya 1980, Jangarh alipoalikwa Bhopal, michoro hiyo ikahamia kwenye karatasi na kitambaa. Desturi yake ni hii: mchoraji huchora umbo kwa mstari ulio wazi, kisha hulijaza tumbo lote kwa nukta, vistari, au vipande vidogo vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Hapana mnyama anayeachwa mtupu. Kila fundi ana namna yake ya kujaza, na anayewajua humtambua kwayo kama wewe unavyotambua mwandiko wa nduguyo. Kivuli hakuna, wala umbali haupimwi kwa kupunguza ukubwa wa vitu. Kilicho kikubwa katika moyo wa mchoraji ndicho kikubwa katika karatasi.

Sasa fungua kitabu. Ndege inapaa, lakini ndege hiyo ni tembo mwenye mabawa, kwa kuwa kwa mchoraji chombo kizito kupaa angani ni ajabu sawa na tembo kuruka. Basi namba 30, lililomchukua kazini, ni mbwa, rafiki mwaminifu asiyemwacha bwana wake apotee mjini. Waingereza, aliowaona kimya mchana na wachangamfu jioni katika vilabu vya pombe, wamekuwa popo waliokusanyika katika mti wa mahua, mti ambao maua yake Wagondi hutengenezea kileo na popo huyapenda. Mnara wa saa uitwao Big Ben (jina ambalo kwa haki ni la kengele iliyomo ndani) umeungana na jogoo mkubwa, kwa sababu jogoo ndiye saa ya kijijini. Na treni ipitayo chini ya ardhi ni nyungunyungu.

Hapo kwenye nyungunyungu ndipo nilipokamatwa. Nafundisha katika chuo cha ualimu, na siku moja nilikipeleka kitabu hiki darasani ili wanachuo wazoee kuhukumu vitabu vya watoto. Nilikisifu kwa wepesi, nilisema kinachekesha. Mwanachuo mmoja, binti mtaratibu asiyesema ovyo, akasimama akaniambia, “Mwalimu, mimi sioni cha kuchekesha. Mtu wa kijijini kapelekwa mjini kwa wakubwa, kaona treni, kasema ni mnyoo. Wenye mji wananunua kitabu ili wamcheke. Kesho atapelekwa mtu wa kwetu, naye achekwe.” Darasa likanyamaza. Sikuwa na jibu, msomaji. Nilisema tutalizungumza wiki ijayo, nikaenda zangu nikiwa nimefadhaika, kwani niliona kuwa mimi ndimi niliyecheka.

Jibu nililolipata ni katika hadithi za Wagondi zenyewe. Wao husimulia kwamba hapo mwanzo palikuwa na maji matupu, na mungu wao mkuu, Bada Deo, alipotaka kuumba nchi kavu hakupata udongo. Akamtuma kunguru autafute. Kunguru akasaidiwa na kaa, na huko chini ya maji akakutwa nyungunyungu ambaye alikuwa ameumeza udongo wote. Akabanwa mpaka akautapika, na kwa udongo ule nchi ikafanyika. Basi nyungunyungu si mdudu wa kudharauliwa kwa watu hawa. Ni mwenye enzi ya ulimwengu wa chini. Bhajju Shyam aliposhuka ngazi za London akaona watu maelfu wakimezwa na kutapikwa chini ya ardhi, hakusema “huyu ni mnyoo” kwa ushamba. Alikipa chombo cha wageni cheo kikubwa kabisa alichokuwa nacho kwa kitu cha chini ya ardhi. Asiyejua hadithi hiyo huona mzaha, na anayeijua huona heshima.

Wiki iliyofuata nilimweleza yule binti hayo, naye akaniuliza swali jingine lililo gumu zaidi: kama heshima yenyewe haionekani ila kwa anayejua, je, mnunuzi wa London anajua? Nilikubali kuwa si kila mnunuzi. Lakini nilimkumbusha kitu ambacho sisi wenyewe hukifanya kila siku. Mtu akiutazama mnara wa saa wa Bunge la Kenya, Nairobi, husema umefanana na Big Ben, wala hapana aonaye haya. Big Ben ni kipimo, na mnara wetu ni kinachopimwa. Ni nani kati yetu aliyewahi kuupima Big Ben kwa jogoo wa bibi yake? Katika kila tashbihi kuna kitu kinachopimwa na kuna kipimo, na kipimo daima ni kile ambacho msemaji amekizoea na kukiamini. Bhajju Shyam alikwenda katika mji uliozoea kuwa kipimo cha miji mingine, akaupima kwa mbwa, kwa popo na kwa jogoo wa kwao. Wazee wa Wakikuyu nao wanasimuliwa kuwa waliita reli nyoka wa chuma kabla haijafika. Walipima jambo geni kwa walichokijua, ingawa kipimo chao kilikuwa cha hofu.

Jina la kitabu nalo lina kusudi. Rudyard Kipling, aliyezaliwa Bombay mwaka 1865, alitoa The Jungle Book mwaka 1894. Visa vya Mowgli vimewekwa katika vilima vya Seoni, ambavyo leo vimo katika jimbo lile lile la Madhya Pradesh, nchi ya Wagondi. Lakini Kipling aliviandika visa hivyo Vermont, Marekani, penye baridi kali. Simdharau, lugha yake ni ya fundi, na mimi nilipokuwa mwanafunzi nilimpenda yule chui mweusi kuliko walimu wangu wengine. Walakini, linganisha. Mmoja aliandika juu ya mwitu akiwa mbali nao, na ulimwengu ukaupokea mwitu wake kuwa ndio wa kweli. Mwingine, mtoto wa nchi hiyo, alikwenda kwa miguu yake katika mji wa Waingereza, akauita mwitu, akauchora alivyouona.

Nina malalamiko mawili. La kwanza, ukarimu wa mchoraji umezidi. Yeye ni mgeni aliyekaribishwa, na mgeni aliyekaribishwa husema mazuri. Mwenye kutaka kujua London ya mhamiaji anayefagia ofisi usiku hataipata humu, naye Bhajju, aliyewahi kuwa mlinzi wa usiku, angaliweza kuiona kuliko wengi. La pili ni zito zaidi. Maneno hayana subira. Jicho halijamaliza kuzunguka katika picha, na tayari maelezo yamekwisha kulitangulia, yakitaja kila kitu na sababu yake. Najua kwamba bila maelezo mimi nisingejua habari ya mahua. Hata hivyo picha ya jogoo ina nguvu ya kukusimamisha kwa muda mrefu, na kuuharibu muda huo ni kumnyima mtoto kazi ambayo yeye huifanya vizuri kuliko watu wazima.

Kwa hiyo, ukikipata kitabu hiki, anza na jogoo. Funika maneno kwa kiganja. Fuata nukta na vistari kutoka manyoya mpaka kwenye mnara, jiulize mwenyewe kwa nini saa na jogoo vimeshikana mwili, na ukiisha pata jibu lako, lolote liwalo, ndipo uondoe mkono usome la kwake.