Pale Vali Ilipopaswa Kufungwa

Kuna video ya mafunzo ya chemba ya oksijeni, na niende moja kwa moja pale mshale wa kipimo cha presha unapokaribia mita 2 za kina. Mgonjwa anainua mkono, anashika sikio la kushoto, uso umemkunjamana. Mwendesha chemba anamwambia kwenye spika abane pua apulize kwa nguvu zaidi, na hewa inaendelea kuingia. Hapo ndipo mgonjwa alipoumizwa.

Kwa tiba inayofika mita 14, mita 2 zinaonekana si kitu. Lakini ni huku mwanzoni hewa ya sikio la kati inakosinyaa kwa kasi kubwa zaidi. Tofauti ya presha ikifika kama milimita 90 za zebaki, yaani mita 1 na ushee, mrija wa Eustachi, unaounganisha sikio la kati na koo, unanyonywa na kujifunga, na misuli ya kumeza haiwezi tena kuufungua. Ukimlazimisha mtu apulize akiwa hapo, presha inapanda kichwani, inasukuma majimaji ya sikio la ndani, na dirisha la duara, utando ulio kati ya sikio la kati na la ndani, linaweza kuchanika. Ngoma ya sikio ikitoboka, mara nyingi hupona. Usikivu uliopotea kwa kuchanika kwa dirisha hilo huenda usirudi kabisa.

Ilitakiwa mwendesha chemba afunge vali ya hewa, ampandishe mgonjwa (yaani apunguze presha) mpaka maumivu yaishe, amwambie anywe maji, kisha amshushe polepole. Dakika chache tu!

Nimeshasema sana kuhusu wakufunzi wanaojua Valsalva peke yake, yaani kubana pua na kupuliza, ilhali njia nyingine zipo. Frenzel, daktari wa jeshi la anga la Ujerumani, aliwafundisha marubani kusukuma hewa kwa ulimi bila kukaza kifua. Teed naye, mwaka 1944, alizikagua ngoma za masikio ya wanamaji wa manowari na kuzipanga kwa madaraja ya majeraha. Kwenye video hii otoskopu, kifaa cha kuangalia ndani ya sikio, haionekani, kabla wala baada.

Nguo za pamba, tahadhari za moto na mapumziko ya oksijeni vilikwenda sawa.

Wakati wa kupanda, mgonjwa akashika paji la uso. Hewa iliyonaswa kwenye sinasi, matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, ilikuwa inatanuka bila pa kutokea. Tiba ilikuwa kusimama, kushuka kidogo, kisha kupanda taratibu. Waendesha chemba wakampandisha kwa ratiba ileile, wakamfungulia mlango, wakampongeza kwa uvumilivu.