Nyaya Nane za Ohm na Plagi Inayoungua

Kila fundi umeme anaijua hesabu hii: gawanya volti kwa ampea upate ukinzani kwa omu, zidisha volti kwa ampea upate nguvu kwa wati. Mwanafunzi huikariri kwa siku moja. Hata hivyo, nyumba nyingi zina plagi iliyobadilika rangi kwa joto, kwa sababu tunapopiga hesabu hiyo tunausahau ukinzani usioandikwa popote. Aliyetufundisha kuuhesabu ni Georg Simon Ohm, mwana wa fundi kufuli, aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Cologne.

Mwaka 1825 Ohm alijaribu kupima jinsi mkondo unavyopungua waya unapokuwa mrefu. Alitumia betri za siku hizo, ambazo msukumo wake ulishuka kila zilipofanya kazi. Kipimo kiliyumba, na kanuni aliyoitangaza ikawa na makosa. Huwezi kujua waya umezuia kiasi gani ikiwa chenyewe kinachosukuma umeme hakitulii.

Poggendorff, mhariri wa jarida la Annalen der Physik, alimshauri aachane na betri, atumie kifaa kilichotokana na ugunduzi wa mwanasayansi Seebeck wa mwaka 1821: metali mbili zikiunganishwa, ncha moja ikawa ya moto na nyingine baridi, umeme hupita. Ohm aliunganisha bismuthi na shaba, akaiweka ncha moja kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu. Maji yanayochemka hayapandi joto, na barafu inayoyeyuka haibadilishi joto lake, kwa hiyo msukumo ulitulia. Mkondo aliupima kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa juu ya kifaa hicho: kadiri mkondo ulivyokuwa mkubwa, ndivyo alivyohitaji kuisokota zaidi ili airudishe mahali pake.

Januari 1826 alipima nyaya nane za shaba zenye unene mmoja, kuanzia inchi 2 hadi inchi 130. Waya wa inchi 2 ulitoa kipimo cha 326.75, wa inchi 18 ukatoa 190.75, na wa inchi 130 ukatoa 48.5. Hapo ndipo penye fundisho. Waya wa inchi 18 ni mrefu mara tisa kuliko ule wa inchi 2, lakini mkondo haukupungua hata kufikia nusu. Mtu mwenye haraka angesema urefu na mkondo haviendani.

Ohm aliona kwamba umeme haukupita kwenye waya uliopimwa peke yake. Ulipita pia kwenye bismuthi, kwenye shaba na kwenye viungo vyote. Akaupa ukinzani huo uliojificha thamani ya inchi 20.25 za waya wake, akaijumlisha kwenye kila urefu. Zidisha mwenyewe: 326.75 mara 22.25 ni 7,270, 190.75 mara 38.25 ni 7,296, 48.5 mara 150.25 ni 7,287. Tofauti haifiki hata nusu ya asilimia. Ukinzani wote ulipohesabiwa, kanuni ilijitokeza yenyewe, naye akaieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1827.

Sasa twende jikoni, tuone ukinzani uliojificha kwenye plagi. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 8.7, maana yake ukinzani wake ni omu 26.4. Tuseme skrubu ndani ya plagi imelegea, ikaongeza nusu omu tu. Jumla inakuwa omu 26.9, na mkondo unashuka hadi ampea 8.55. Kwenye skrubu ile panapotea volti 4.3, ambazo ukizizidisha kwa mkondo unapata karibu wati 37. Chuma cha kulehemu cha fundi redio huwa cha wati 30 hadi 40. Joto la kuyeyushia risasi limekaa ndani ya plastiki ya plagi yako!

Na hakuna kitakachokuonya. Maji yatachemka karibu kama kawaida, kwa kuwa birika bado linapata zaidi ya wati 1,900. Fyuzi haitakatika, kwa sababu mkondo umepungua. Taa ya wati 10 kwenye plagi hiyo hiyo ingepoteza pale karibu wati 0.001 tu, kwani joto, kama mwanasayansi Joule alivyoonyesha mwaka 1841, huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo.

Kwa hiyo fundi, usipime soketi ikiwa haina mzigo ukasema iko salama. Bila mkondo kiungo kibovu hakipotezi volti, na mita itakuonyesha 230 safi. Washa birika kwanza, ndipo upime volti zinazolifikia. Zikishuka sana, kitafute kiungo kilichozila. Nawe mwenye nyumba, plagi ikiwa ya moto usiizungushie utepe ukaendelea kuitumia. Zima umeme ukutani, umwite fundi.