Ramani nzuri, ila haina vipimo

Kama umewahi kupuliza kuni jikoni kule Bendera, wilayani Same, basi umeshavuta chembe za nano. Masizi huanza kama punje zisizofika nanomita 100, na nyingine huteremka mpaka kwenye vifuko vya hewa.

Sasa tazama ramani ya kibiolojia namba 173. Inasema: chembe inagusa utando wa seli, seli inatoa kemikali za kuita msaada, askari wa kinga wanajazana, ukuta wa kifuko unaharibika, mwisho pafu linaota kovu. Waliotengeneza neli za kaboni wanaijua vizuri.

Nakubali, imetulia. Hatua za mwanzo unaweza kuzipima kwenye seli, huhitaji kusubiri panya augue miezi. Lakini chembe ngapi? Kwa muda gani? Mishale iko kimya. Halafu inafuata njia moja tu, wakati mama wa Bendera anavuta moshi asubuhi na jioni, na kama anafanya kazi ya mkonge, vumbi lake mchana. (Pafu halina zamu.)

Mimi ningeanza na masizi ya jikoni, nikatia namba kwenye mishale miwili ya mwanzo. Kovu lingesubiri.