Winchi Haifi Matopeni

Fundi alilegeza boliti mbili ndefu, akachomoa kifuniko cha mota, kisha akaiinamisha. Maji yakamwagika sakafuni, kiasi cha kikombe cha kahawa, rangi yake kama chai ya rangi. Mwenye gari, mzee wa Chamazi aliyekuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, akasema winchi ile ya kulinasua gari likikwama hajaigusa tangu mvua za vuli.

"Ndiyo maana, mzee wangu," fundi akajibu bila kuinua macho. "Winchi haifi matopeni. Inafia uani."

Karakana yenyewe ni bati sita na mwembe mmoja, Mbagala, ndani kidogo ya Barabara ya Kilwa. Huwa napita pale hata nisipokuwa na shida na gari, kwa kuwa napenda kumtazama mtu anayefungua kitu kabla hakijamharibikia mwenyewe porini. Wateja wake ni wa aina nyingi. Kuna wenye mashamba ya korosho Mkuranga, kuna wanaopeleka wageni Hifadhi ya Nyerere kupitia Kibiti na Mloka, na kuna wakazi wa kawaida tu wa Mbande au wa Mabwepande kule Kinondoni, ambao masika yakikolea barabara ya kwenda nyumbani inageuka uji. Wote wanaujua ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa kuelekea Rufiji. Ukikauka unapasuka, ukilowa unalishika tairi na kulimeza.

Ukimuuliza winchi ipi inafaa, hakutajii kampuni. Anakuuliza gari linakwenda wapi na linabeba nini. Land Cruiser ya mzigo, ikiwa na mafuta, maji, zana na watu, hufika tani tatu bila taabu. Kanuni anayoifuata ndiyo ya mafundi wa dunia nzima: chukua uzito wa gari lililojaa, zidisha kwa moja na nusu. Kwa tani tatu hizo unataka kilo 4,500. Winchi ya ratili 9,500, ambayo ni kama kilo 4,300, inapungukiwa kidogo. Ya ratili 12,000, kama kilo 5,400, inakuachia akiba.

Namba ile ya kwenye boksi, hata hivyo, ni ya kweli kwa tabaka la kwanza tu, waya ukiwa umelala juu ya chuma kitupu cha ngoma. Kila tabaka linaloongezeka linainenepesha ngoma, na nguvu inashuka. Kwenye tabaka la nne winchi nyingi huwa zimekwisha kupoteza zaidi ya theluthi ya uwezo wake. Kwa hiyo dereva anayeijua kazi hauchagui mti ulio karibu. Anatembea hadi ule wa mbali, waya utoke mwingi, ngoma ibaki nyembamba. Na kama bado haitoshi, anafunga kapi: waya unakwenda hadi kwenye mti na kurudi kwenye gari, nguvu inakuwa karibu mara mbili, mwendo unakuwa nusu. Wazee wetu wa baharini waliliita roda, na mtambo wa kuzungusha wa kupandishia nanga waliuita duara. Kazi hii haikuanza na magari.

Ninamheshimu fundi huyu zaidi kwenye umeme. Mota ya winchi ikivuta mzigo wake kamili hula kiasi cha ampea 400. Taa kubwa mbili za mbele zenye balbu za wati 55 hazifikishi hata ampea 10. Alteneta nyingi za magari haya hutoa kati ya 80 na 130, kwa hiyo kinachobaki chote kinatoka kwenye betri. Hapo waya mwembamba ni moto unaosubiri kuwaka. Yeye hutumia waya wa mashine ya kuchomelea, ule wenye nyuzi laini nyingi za shaba, mnene kama kidole. Teminali anaibana kwa presi ya haidroliki, kisha anaivuta kwa uzito wa mwili wake wote akiwa ameegemeza mguu kwenye bampa. Ikihama hata kidogo, anaikata na kuanza upya. Baada ya hapo anaivutisha winchi kwa dakika moja na kupitisha mgongo wa mkono kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mama anayempima mtoto homa. Kiungo chenye joto ni kiungo kibaya, hata kama mota inazunguka vizuri.

Winchi za zamani zina solenoidi kadhaa ndogo ndani ya boksi moja. Zikichoka, midomo yake ya shaba hugandana kwa cheche, na winchi inaendelea kuvuta hata ukiachia kitufe. Nimeliona hilo mara moja, na sipendi kuliona tena. Fundi huzitoa zote na kuweka swichi moja kubwa iliyozibwa isiingie maji, halafu anaongeza nyingine ya kukata umeme wote, mahali ambapo mkono wa dereva unafika akiwa amekaa kitini.

Sasa yale maji ya mzee wa Chamazi. Mota iliyofanya kazi huwa ya moto, na hewa iliyo ndani imetanuka. Gari likisimama, hewa inapoa, inasinyaa, inavuta unyevu wa nje kupitia kwenye sili. Kila safari inaongeza matone machache. Huku kwetu hewa hiyo ina chumvi ya bahari, iwe Kijichi au Kunduchi. Winchi ikikaa miezi minne bila kuzunguka, chumvi inakula shaba, kaboni zinakwama ndani ya vishikizo vyake, na siku ukibonyeza kitufe unasikia "ta!" tu. Fundi alizitoa kaboni nne, akasugua komyuteta, pale kaboni zinapogusa, kwa msasa laini mpaka ikang'aa, akasafisha mifereji yake kwa kipande cha msumeno wa chuma. Gia akazipaka grisi mpya. Breki hakuipaka grisi hata kidogo, maana breki yenye grisi ni gari linalorudi bondeni. Mwisho akatoboa tundu juu ya mota na kuunga mrija mwembamba uliopanda hadi karibu na kioo cha mbele, ili mota ikipoa ivute hewa kavu kutoka juu. Kazi ya nusu saa, mrija wa bei ya soda.

Kuhusu waya wa chuma na kamba ya kisasa, yeye yuko upande wa kamba, nami nakubaliana naye. Waya ukikatika unarudi kama upanga. Kamba ni nyepesi, inaelea majini, na ikikatika unaiunga palepale: ncha moja inaingizwa tumboni mwa nyingine, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyojibana. Ila nyuzi zake ni za polithilini, huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 150 na hulegea mapema zaidi, na winchi nyingi zina breki ndani ya ngoma yenyewe. Kushusha gari zito mlimani kwa muda mrefu kunaweza kuiunguza kamba kuanzia chini. Winchi ya Warn 8274, iliyotoka Marekani mwaka 1974, breki yake iko nje ya ngoma, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuing'ang'ania hadi leo.

Winchi zimeshajaribiwa hapa kwetu pia: mwaka 1991 mashindano ya magari ya porini ya Camel Trophy yalitoka Dar es Salaam hadi Bujumbura, timu ya Uturuki ikashinda, na winchi za zile Land Rover Discovery zilivuta njia nzima. Fundi ana picha ya msafara huo, imekatwa gazetini, imebandikwa juu ya meza yake.

Jioni tulilipeleka gari la mzee kwenye mteremko mdogo nyuma ya shamba la mikorosho. Ukanda mpana ukazungushwa chini kabisa ya shina, gome lisiumie. Koti zito likatupwa juu ya kamba. Fundi akamwambia mzee aachie breki ya mguu, ya mkono aivute kidogo, gari lijivute lenyewe. Kamba ikajilaza kwenye ngoma mzunguko kwa mzunguko, imebanana kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Kila baada ya dakika moja alisimamisha mota ipoe. Kamba iliyokunjwa legelege, alisema, siku ya mzigo inazama kati ya mizunguko ya chini na kukwama humo.

Masika huanza Machi. Kama winchi yako haijazunguka tangu vuli, itoe kamba leo hadi ibaki mizunguko kumi tu kwenye ngoma, uikague kwa vidole, kisha uirudishe ikiwa na mzigo. Na kila mwezi izungushe, hata kwa dakika mbili, hata kama jua linawaka.