Nani Alimsomea Ndugu Barua za Schmidt?

Ndugu wasomaji, kila toleo tunaanza na neno hilo na hakuna anayelitazama mara mbili. Waliokulia Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967 watakumbuka lilivyotapakaa: Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu wa Tawi, Ndugu Abiria. Basi mzee wa Kimarekani alipoanza kumwandikia barua mtoto wa Kitanzania wa miaka sita, na mtoto huyo akawa anaitwa Ndugu, si Ndugu fulani bali Ndugu peke yake, na ubini wake Umbo, ukumbi wetu uliangua kicheko. "Na kaka yake ni Komredi Sura!" akadakia mtu kutoka viti vya nyuma.

Filamu yenyewe ni About Schmidt ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Alexander Payne, na mzee huyo ni Jack Nicholson. Tuliiweka katika jioni zetu za filamu msimu wa baridi uliopita kwa sababu maalumu. Wengi wa kizazi kilichokuja huku miaka ya sabini na themanini sasa wamestaafu au wanahesabu miezi, na kila tukikutana kwenye maulidi, harusi au msiba mazungumzo huishia palepale: fulani anataka kwenda kujitolea. Mmoja anataka kufundisha hisabati, mwingine anataka kukaa miezi mitatu kwenye zahanati huku akitembea-tembea aione nchi ambayo hakuwahi kuiona alipokuwa kijana. Tukaona si vibaya kuitazama filamu ya mstaafu mwenye nia njema kwa Tanzania. Wengine wetu tuliwahi kuiona zamani na kuisahau. Safari hii ilituchoma.

Kwa wasioiona, habari ni hii. Warren Schmidt ana miaka 66, mkazi wa Omaha, Nebraska. Maisha yake yote amefanya kazi katika kampuni ya bima, kazi ya kupiga hesabu mtu wa namna gani hufa lini. Anastaafu. Anaona tangazo kwenye televisheni la shirika linalofadhili watoto wa nchi maskini, anajiandikisha, na kila mwezi anatuma hundi ya dola 22 pamoja na barua. Haupiti muda mkewe anafariki ghafla. Mzee anapanda gari lake kubwa la safari, lile lenye vitanda na jiko ndani, anazunguka kutembelea mahali alipozaliwa na chuo alichosoma, na mwishowe anafika Denver kwenye harusi ya binti yake, harusi ambayo angependa isifungwe. Njia nzima anamwandikia Ndugu.

Na anamwandikia nini? Hapo ndipo ustadi wa filamu ulipo, na tuseme wazi kwamba ni filamu nzuri. Schmidt hana mtu mwingine wa kumwambia. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita anaelezwa jinsi kijana aliyemrithi Schmidt ofisini alivyo na majivuno. Anaelezwa kwamba kila usiku mzee hujiuliza bibi kizee huyu anayeishi nyumbani kwake ni nani. Anaelezwa kwamba mke alimlazimisha mumewe akojoe ameketi. Mke anapokufa, mtoto anapigiwa hesabu ya uwezekano wa mzee mwenyewe kufa katika miaka michache ijayo, kwa asilimia. Ukumbi ulicheka, kisha kicheko kikawa kinapungua, maana kila mmoja alianza kumwona mjomba wake, au kujiona mwenyewe akiwa na simu mkononi siku ya Jumapili.

Mwisho wa filamu wengi wanaujua. Schmidt anarudi nyumbani akiwa ameshindwa kila kitu, anakuta barua kutoka Tanzania. Si ya Ndugu, ni ya mtawa anayefanya kazi katika kijiji karibu na Mbeya. Anaandika kwamba Ndugu ni yatima, kwamba aliugua jicho lakini sasa amepona, kwamba anapenda matikiti, kwamba barua zote zinamfikia, na kwamba anamtakia mzee furaha na afya njema. Hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo amechora picha: mtu mkubwa na mtu mdogo wameshikana mikono. Schmidt anaangua kilio, na filamu inaishia hapo.

Watazamaji wengi wameyachukua machozi hayo kuwa ukombozi: hatimaye mzee amemgusa mtu mmoja duniani. Sisi tuliotazama kwa masikio ya Kiswahili tulibaki na swali jingine, na aliyeliuliza ni binti wa miaka kumi na minne aliyekuja kumsindikiza bibi yake. "Barua zile alisomewa kwa lugha gani?"

Swali hili halikutuacha mpaka leo. Barua ziliandikwa kwa Kiingereza cha Nebraska. Mtoto wa kijiji cha Mbeya, wa umri ule, nyumbani huenda anasema Kisafwa au Kinyakyusa, na Kiswahili ndiyo kwanza anakipata. Mtawa ana jina la Kifaransa. Basi kati ya Schmidt na Ndugu yuko mtu ambaye filamu haimtaji wala kumwonyesha: mfasiri. Huenda ni karani wa ofisini, mwalimu wa shule ya msingi, au katekista. Ameshika karatasi ya mzee wa miaka 66 inayomlaani mke na kusimulia namna ya kukojoa, na mbele yake amekaa yatima wa miaka sita anayengoja kusikia mfadhili wake amesema nini. Ndugu msomaji, wewe ungefasiri nini?

Twajua ungefasiri nini, maana kila mmoja wetu amewahi kukaa kwenye kiti hicho, hospitalini au ofisi ya uhamiaji, akimfasiria mzazi. Ungesema, "Babu anakusalimu sana. Hajambo. Alikuwa safarini, amefika salama. Mkewe amefariki, tumwombee." Basi. Adabu inakukataza mengine.

Sasa rudi kwenye jibu. Mtoto anamtakia mzee heri, anatumai ana afya na furaha. Hakuna hata neno moja la jibu linalogusa yale Schmidt aliyoandika. Lakini linajibu salamu, na linaijibu sawasawa kabisa. Ni barua zetu zilezile tulizofundishwa shuleni, mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali nami. Kwa mtazamo wetu, Schmidt hakupata jibu la barua zake. Alipata jibu la barua ya mfasiri. Anamlilia mtoto ambaye hajawahi kumsikia, na mtoto anamchorea babu ambaye hajawahi kuandika.

Je, hilo linaiharibu filamu? La. Linaifanya kali zaidi kuliko wengi walivyoisoma. Hatujui kama Payne alilikusudia. Jina "Ndugu Umbo" latutia shaka kwamba hakuna Mswahili aliyeulizwa, ingawa tukumbuke pia kwamba Leon Chancler, Mmarekani aliyepiga ngoma katika wimbo wa Michael Jackson wa "Billie Jean", naye alijulikana kwa jina la Ndugu, kwa hiyo tusicheke sana. Na jina hilo la bahati mbaya limefanya kazi kuliko jina la kweli. "Umbo" ni kitu kinachoonekana kwa nje. Schmidt alikuwa na umbo la mtoto, kwenye picha iliyokuja ndani ya bahasha, akalijaza maneno yake.

Lakini tuna neno na Schmidt juu ya jambo jingine, nalo ndilo lililotukusanya. Mzee ana pensheni, ana gari lenye kitanda, ana siku zote za dunia, na hakuna anayemngoja. Katika filamu nzima halimjii wazo la kwenda Mbeya. Kiswahili kina uhondo wake hapa. Kutoa ni jambo moja, na Schmidt alitoa, dola 22 bila kukosa. Kujitolea ni jingine, maana kinachotolewa pale ni wewe. Na kujitoa, bila ile "-le-", mara nyingi humaanisha kuondoka kwenye shughuli. Mzee wetu alitoa, akajitoa.

Baada ya filamu tulikisoma pia kitabu kimoja kama kipimo: Away from Home, barua za Lillian Carter, mama yake Rais Jimmy Carter, kilichotoka mwaka 1977. Bi Lillian alikuwa muuguzi wa Plains, Georgia, mjane, na mwaka 1966, akiwa na miaka 68, alijiunga na Peace Corps, wakati wengi walidhani shirika lile ni la vijana waliomaliza chuo juzi. Walimpeleka Vikhroli, karibu na Bombay, inayoitwa Mumbai siku hizi. Alianza na kazi ya uzazi wa mpango, akaishia kwenye zahanati akihudumia wagonjwa, wakiwemo wenye ukoma. Alikaa hadi 1968 na akatimiza miaka 70 hukohuko, tarehe 15 Agosti, ambayo ni siku ya uhuru wa India.

Kama maandishi, barua hizo hazina ufundi wa filamu. Zinarudia-rudia, zinalalamika, zinaomba habari za nyumbani, na watu wa Vikhroli tunawaona kwa macho yake tu. Yeye naye anahitaji mfasiri, na yeye naye hatumsikii mfasiri. Lakini tazama barua zinaelekea wapi. Schmidt anaandika kwenda mbali habari zake mwenyewe. Bi Lillian anaandika kwao habari za watu alio nao. Hafichi kwamba aliogopa kuwagusa wenye ukoma, na unaiona hofu ile ikipungua kwa sababu mgonjwa yule yule anarudi kesho. Kuna anayeweza kumkosoa, kwa kuwa yupo pale. Ukituuliza kipi kazi bora ya sanaa, tutasema filamu bila kusita. Ukituuliza tungesafiri na nani, tutamchukua Bi Lillian na malalamiko yake yote.

Jioni ile baada ya taa kuwashwa alisimama mama mmoja tunayemwita Shangazi, mtu wa Unguja, muuguzi hapa Uingereza kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Aliwahi kwenda kujitolea wiki sita katika zahanati ya kijiji huko Rungwe. Alichagua bara makusudi. Alisema kwao Unguja angekuwa mgeni wa kuandaliwa pilau tu, kazi asingepewa. Rungwe nako siku nne za mwanzo alikalishwa kiti cha mbele kama mheshimiwa, mpaka alipojifunga kanga kiunoni akaanza kupanga kadi za wagonjwa.

"Nilidhani mimi sitahitaji mfasiri," alisema. "Si Kiswahili ninacho? Tena cha Unguja!" Watu wakacheka. Kumbe bibi vizee waliokuja kupimwa presha wengi walimjibu kwa Kinyakyusa, na aliyemfasiria ni dada anayefanya usafi pale. Siku moja bibi mmoja alizungumza muda mrefu, anapandisha sauti, anaonyesha mlango, anaonyesha mashine. Shangazi akauliza amesema nini. Dada akainamisha kichwa: "Anakushukuru sana, mama."

Shangazi ameuguza watu miaka thelathini na moja, shukrani anaijua sura yake. Lakini alinyamaza, na anakiri kwamba alinyamaza kwa kuwa neno lile lilimpendeza. Ilipita wiki nzima ndipo akamwita yule dada pembeni, akambembeleza. Bibi alikuwa ameuliza: huyu mgeni anaondoka lini, na akiondoka na mashine yake anaondoka nayo? Mwaka juzi alikuja mwingine akatupima, akatuambia presha iko juu, akaenda zake, na dawa hatukuziona. Sasa nyumbani nalala na hofu badala ya kulala.

Ukumbi ulinyamaza. Wengine tayari tulikuwa tumeshaanza kuulizana bei ya vipimo hivyo tuchange, kama kawaida yetu.

Shangazi akasema wiki mbili zilizobaki hakumpima mtu presha. Alikaa na mganga msaidizi wa zahanati wakapitia orodha ya dawa: zipi huja kwa utaratibu wa kawaida na zipi haziji, nani afuatwe wilayani, na wagonjwa wangapi wanaweza kweli kutibiwa mwezi hadi mwezi. Kazi ya karatasi, alisema, haina hata picha moja ya kuonyesha. Na yule dada wa usafi alikubaliana naye jambo moja: kuanzia siku ile, atakachosema mtu kifasiriwe chote, hata tusi.

"Nilitukanwa mara mbili," alisema Shangazi, akakaa.