Umati wa Melini Una Saa Zake

Asubuhi ya kwanza baharini, mama yangu aliamka kuswali alfajiri kama anavyofanya nyumbani, akajitanda leso yake, akatoka kutafuta chai. Aliporudi kabinini saa kumi na mbili na nusu, alinigusa bega. "Mwanangu, wale watu wa jana wamehamia wapi? Huko juu tulikuwa mimi na kijana mmoja anayepiga deki."

Nilipanda naye kwenda kuona. Sitaha ya bwawa, ambako jioni iliyotangulia tulikosa hata kiti kimoja cha kumlaza mtoto, ilikuwa na safu kwa safu za viti vitupu. Maji yametulia. Kwenye bafe, mpishi wa mayai alituuliza tunataka nini kabla hatujamaliza kumsalimia. Nilirudi mahali pale pale saa tatu na watoto, nikakuta foleni imepita mashine ya kahawa, imepinda kona na kufika mlangoni, na mama mmoja mbele yangu anambembeleza mwanawe anayelia kwa njaa huku sahani yake bado haina kitu.

Ilikuwa wiki ya Krismasi. Tulitoka New Jersey tukapandia meli Florida, kwa safari ya siku saba katika Karibi: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama yangu. Mambo mengi yaliyotufaa wiki ile yalitokana na chai ile ya alfajiri.

Kwanza hesabu, maana wengi hununua tiketi bila kuijua. Kampuni za meli za kitalii huhesabu kujaa kwa watu wawili kila kabini. Chukua Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii kutoka Miami Januari 2024. Ina kabini 2,805, kwa hiyo kwa hesabu hiyo imejaa ikiwa na abiria 5,610. Lakini kabini nyingi zina kitanda cha tatu na cha nne, kile cha kushushwa kutoka darini au kochi la kukunjua, na uwezo wake wa juu kabisa ni abiria 7,600. Tofauti ni karibu watu 2,000. Vitanda hivyo hulaliwa na nani? Na watoto, wakati shule zimefungwa. Ndiyo maana meli ile ile ikisafiri katikati ya muhula na ikisafiri Krismasi ni kama meli mbili tofauti. Watu wameongezeka, lifti ni zile zile, mabwawa ni yale yale, na walioongezeka ndio hasa wanaotaka bwawa. Naamini kabisa kwamba mzazi anayelipa bei ya msimu wa juu anastahili kuambiwa, kabla ya kutoa pesa, safari yake inatarajiwa kuwa na watu wangapi.

Wasanifu wa meli wamefanya kazi kubwa upande wa mahali. Oasis of the Seas ya mwaka 2009 iligawanywa mitaa saba, kila mmoja na vivutio vyake, ili watu wasirundikane pamoja. Icon ikaongeza mtaa wa familia zenye watoto wadogo, ambako bwawa la watoto na chakula viko hatua chache tu kutoka kwenye michezo, mzazi asilazimike kupanda lifti kila saa. Lakini umati wa melini hasa hutokana na saa. Meli ikifunga gati, wote wanataka kushuka. Onyesho likiisha, ukumbi mzima unamiminika kwenye lifti zile zile.

Ushahidi bora ninaoujua ni zoezi la dharura. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, na watu 32 wakafa, mamia ya abiria waliopanda Civitavecchia saa chache kabla walikuwa bado hawajafanya zoezi, kwa sababu kanuni ya wakati huo iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu 2015, kanuni za kimataifa zinataka abiria wapya wafanye zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Ni haki kabisa. Lakini kwa miaka kadhaa zoezi hilo lilimaanisha maelfu ya watu kubanana kwenye sitaha kwa dakika ile ile, watoto wakilia na wazee wamesimama juani. Mwaka 2020 kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza utaratibu mwingine: abiria anatazama maelekezo kwenye simu au televisheni ya kabini, kisha anafika kituo chake kwa wakati wake na kuandikwa. Kazi haikupungua, ila saa zimetawanywa. Mama yangu alimaliza lake kwa dakika tano.

Sisi tulifanya hivyo hivyo na siku zetu. Chakula cha jioni tulichukua zamu ya pili, saa mbili kasorobo, ingawa kitindamimba wetu ana miaka minne na ilibidi alale mchana. Familia nyingi huchukua zamu ya kwanza, na wakiwa mezani, mtelezo wa maji ambao mchana ulikuwa na foleni ya nusu saa watoto wetu waliupanda mara saba bila kusubiri. Nguo za kuogelea tulizibeba mkononi siku ya kupanda, kwa kuwa mabegi makubwa hufikishwa kabini jioni. Watoto tuliwaandikisha kwenye klabu yao saa ile ile tuliyopanda, kwa sababu chumba kikifikia idadi yake mlango hufungwa. Lifti tuliwaachia mama na kigari cha mtoto. Wengine wote ngazi.

Tulipofika Cozumel hatukukimbilia kushuka. Tulikaa melini hadi saa sita mchana, na asubuhi ile meli ilikuwa kama yetu wenyewe.

Grand Cayman tulikosea, na kosa lilikuwa langu. Pale hakuna gati la meli kubwa. Zinatia nanga nje na abiria hupelekwa George Town kwa mashua. Niliingiwa na hofu ya kuchelewa, nikawaamsha wote, tukachukua namba ya mashua saa mbili asubuhi pamoja na meli nzima. Tulikaa ukumbini saa moja na nusu. Mama, aliyevuka kivuko cha Likoni miaka mingi akienda kazini, alinitazama tu, kisha akasema taratibu: "Feri ya kwanza huwa haikimbiliwi, mwanangu." Saa tano, nilivyoambiwa baadaye, watu walikuwa wakiteremka wanavyotaka, bila namba.

Jambo moja halihusu starehe. Umati na bafe husaidia kueneza norovirusi, virusi vinavyosababisha kutapika na kuhara. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kimekuwa na mpango wa kukagua usafi wa meli tangu miaka ya 1970, na maelekezo yake yako wazi: osha mikono kwa maji na sabuni, kwani dawa ya mikono ya spiriti haiviwezi vizuri virusi hivi. Niliwaona wazazi wengi wakinyunyizia watoto dawa mlangoni na kupita. Kulikuwa na masinki ya sabuni hatua nne kutoka pale, na karibu kila mara yalikuwa wazi. Hapa sikuwapa watoto wangu nafasi ya kubishana.

Asubuhi ya mwisho, korido zilianza kujaa mabegi saa kumi na mbili. Tulikuwa tumeomba namba ya kundi la mwisho kushuka. Tukakaa kwenye meza ya dirishani, mama akaagiza chai ya pili, na nje tukaona watu wamesimama bega kwa bega na masanduku wakisubiri mlango ufunguliwe. Namba yetu ilipoitwa, daraja la kutokea lilikuwa tupu. Kitindamimba alimshika nyanya yake mkono, akashuka akihesabu hatua kwa sauti.