Kabla Bisibisi Haijashikwa

Kuunganisha kompyuta ya gemu ni kazi ya alasiri moja. Vipande vyake vimetengenezwa visikosewe: kichakato hukaa kwenye soketi kwa upande mmoja tu, RAM ina pengo linaloizuia kuingia kinyume, na skrubu karibu zote hufungwa kwa bisibisi moja ya nyota. Kijana mtulivu akifuata kijitabu cha maelekezo ataimaliza kabla jua halijatua. Ufundi wenyewe hufanyika wiki kadhaa kabla ya hapo, juu ya karatasi, fedha zikiwa bado mfukoni. Ni ufundi wa kuchagua, na hausifiwi inavyostahili.

Anayeujua haanzi na kompyuta. Huanza na gemu. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, huchezwa kwa fremu 60 kwa sekunde na si zaidi, maana kila ngumi na kila teke la gemu hiyo limepimwa kwa fremu. Mpenzi wa Tekken anayejibana ili apate skrini ya hezi 144 ananunua kasi ambayo gemu yake haitaitumia. Counter-Strike 2 ni kinyume chake: haidai kadi nzito, ila inataka kichakato chenye kasi kitakachotoa fremu nyingi kadiri iwezekanavyo. Wapenzi wa gemu hizo mbili, hata wakiwa na bajeti sawasawa, inafaa warudi nyumbani na mashine tofauti. Muuzaji mzuri, awe Luthuli jijini Nairobi au Kariakoo, Dar es Salaam, atauliza "Utacheza nini?" kabla hajauliza "Una ngapi?"

Gemu ikishajulikana, fedha nyingi huelekea kwenye kadi ya michoro. Katika mashine ya bei nafuu, theluthi ya bajeti au hata karibu nusu ikiishia hapo si ubadhirifu, kwa kuwa kadi hiyo ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Hapa soko la mitumba lina neema na mitego kwa pamoja. Kwa miaka kadhaa kadi nyingi zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 mfumo wa Ethereum ulibadilishwa, uchimbaji wa namna hiyo ukakoma, na kadi zikamiminika sokoni. Nyingi bado ni nzima. Feni zinaweza kuwa zimechoka na grisi ya kupitisha joto imekauka, lakini hayo yote hutengenezeka.

Mtego hasa uko kwenye majina. Radeon RX 580 ya mwaka 2017 ni kadi inayopendwa sana na wenye bajeti ndogo, na kwa haki: ile ya gigabaiti 8 bado inaendesha gemu nyingi bila taabu. RX 580 ya asili ina vichakata vidogo 2304 ndani yake. Mwaka 2018 ikatoka nyingine, iliyolengwa kwa soko la China, yenye 2048 tu, sawa na RX 570, huku jina kubwa la RX 580 likiachwa vilevile. Kadi hizo zimesambaa mbali, na mtu anaweza kuinunua moja bila kujua. Dawa ipo, tena ni ya bure: programu iitwayo GPU-Z. Mnunuzi aombe kadi iwashwe mbele yake, afungue programu hiyo, asome namba iliyo kwenye mstari wa Shaders. Ikiwa 2304, alipe bei ya RX 580. Ikiwa 2048, alipe bei ya RX 570 au aende duka la pili. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na ombi hilo.

Anayeweza kusogea kidogo aitazame RX 6600 ya mwaka 2021. Inaipita RX 580 kwa mbali, na hutumia wati 132 pale mwenzake anapotumia 185. Tofauti hiyo ni joto lisilozaliwa ndani ya kasha na feni zisizolazimika kupiga kelele, jambo la maana sana kwa mchezaji wa Mombasa au Tanga mwezi wa Februari.

Hakuna kipande kinachodharauliwa kama pawa saplai, na hakuna kingine kinachoweza kuua vyote vilivyobaki kwa mkupuo mmoja. Ile ya bei rahisi iliyolala kwenye meza ya duka ina stika ubavuni: 500W, kwa herufi kubwa. Anayejua haishughulikii namba hiyo. Huigeuza pawa saplai akatafuta jedwali la maandishi madogo, kisha safu ya +12V, kwa sababu kichakato na kadi ya michoro hupata karibu umeme wao wote humo. Chini ya safu hiyo kumeandikwa 25A. Kumi na mbili mara ishirini na tano ni mia tatu. Basi mbele yake kuna pawa saplai ya wati 300. Zilizosalia zimehesabiwa kwenye njia za volti 3.3 na 5, ambazo kompyuta ya leo haizihitaji kwa wingi. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huandika takriban 45A kwenye safu ileile. Ni hesabu ya shule ya msingi, na imeokoa kadi nyingi za watu.

Kwa upande wa kichakato, uamuzi mkubwa ni soketi, kwani ndiyo inayoamua mashine itaweza kuongezewa nini miaka ijayo. Soketi ya AM4 ya AMD ni mfano mzuri. Vichakato vya kwanza vya Ryzen viliingia sokoni Machi 2017. Aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka huo, ikiwa ubao mama wake ulipewa baiosi mpya, yaani programu ya kuuwashia, aliweza kuchomeka Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 kwenye ubao uleule. Wahandisi walioiacha njia hiyo wazi kwa miaka yote hiyo waliwatendea wema wanunuzi wa kidogo kidogo, na wengi wetu tunanunua hivyo: mwezi huu ubao, mwezi ujao kichakato, kadi ya michoro baada ya mavuno au baada ya bonasi.

Kwa mnunuzi wa namna hiyo Ryzen 5 5600G ni chaguo la busara, kwa sababu ina michoro yake ndani. Mashine inawaka na gemu nyepesi zinachezwa siku ya kwanza, huku fedha za kadi zikiendelea kutafutwa. Ryzen 5 5600 ya kawaida ina akiba ya ndani maradufu na ni bora zaidi ikiwa na kadi, ila bila kadi haitoi picha hata moja. Vivyo hivyo Core i3-12100F ya Intel, kichakato kizuri cha bei nafuu: ile F ya mwisho inamaanisha hakina michoro. Herufi moja isiposomwa, skrini itabaki nyeusi.

Ipo pia njia ya kompyuta za ofisini zilizotumika, zile zinazoitwa Ex-UK nchini Kenya. Dell OptiPlex 9020 ikiongezewa GTX 1050 Ti, kadi inayotosheka na wati 75 zinazopita kwenye sloti yenyewe, inacheza GTA V vizuri. Mpaka wake ujulikane mapema: pawa saplai yake huunganishwa kwenye ubao kwa plagi ya pini 8 badala ya 24 zilizozoeleka, kwa hiyo ya dukani haiingii bila adapta. Windows 11 nayo haiitambui rasmi.

RAM haina hadithi ndefu. Vipande viwili vya gigabaiti 8 vinashinda kimoja cha 16, hasa kwa 5600G ambayo michoro yake hukopa kumbukumbu hiyohiyo. Vikishawekwa, mwenye mashine aingie kwenye baiosi awashe XMP, mpangilio unaoifikisha RAM kwenye kasi iliyoandikwa, la sivyo RAM iliyonunuliwa kwa kasi ya 3200 itakwenda kwa 2133 au 2400 maisha yake yote.

Kinachobaki ni umeme wenyewe, ambao kwetu hukatika bila taarifa na pengine hurudi kwa kishindo. Anayeandika orodha yake wiki hii atenge fungu la UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, tangu mwanzo, hata kama itambidi aache kasha la kioo na feni za taa za rangi. Feni za rangi zinaweza kununuliwa mwakani. Diski iliyoharibika umeme ulipokatika inaweza kuondoka na kila kitu kilichokuwa ndani yake.